Msimamizi wa mirathi akila mali ya marehemu: milango tuliyogonga na iliyofunguka

Baba yetu alifariki Novemba 2019. Machi 2020 mahakama ya mwanzo ikamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi. Siku ile nilikuwa nimemshika mama mkono, na tulitoka nje tukiwa na amani kabisa. Mtu mzima, hakosi swala, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake. Nani mwingine angefaa?

Juni 2021 nilikuwa kwenye benchi la masijala ya mahakama ile ile, jalada la mirathi ya baba liko mapajani mwangu. Ndani nilikuta karatasi inayosema tulikaa kikao cha familia tukakubali kwamba marehemu alikuwa akidaiwa na mdogo wake shilingi 2,700,000. Chini yake majina yetu. Mbele ya jina la mama pamebandikwa dole gumba, wino wa bluu umesambaa. Mama yangu amefundisha watoto kusoma chekechea miaka ishirini. Husaini jina lake lote, kwa mwandiko wa kuunganisha, na mkia mrefu chini.

Mimi ni fundi cherehani Mbagala, si mwanasheria. Ninachoandika hapa ni njia tuliyopita sisi, kwa sheria ya Tanzania Bara, pamoja na yale tuliyoelezwa na msaidizi wa kisheria aliyetushika mkono na ambayo baadaye niliyasoma mwenyewe kwenye kanuni. Ninaandika kwa sababu tulipoteza karibu mwaka mzima tukigonga milango ambayo haikuwa ya jambo hili.

Milango isiyo yake

Tulianza na vikao vya ukoo. Vinne. Cha kwanza baba mdogo alisema anakusanya kwanza nyaraka. Cha pili alikasirika akauliza kama tunamwita mwizi. Cha tatu hakuja. Cha nne shangazi alilia, tukasomewa dua, tukaambiwa tusiuze undugu kwa sababu ya mali. Sidharau vikao; ndugu wengine wamemaliza mambo yao hapo. Lakini kikao hakina nguvu ya kumvua mtu usimamizi. Ukoo hupendekeza jina tu, anayeteua ni mahakama, na mahakama hiyo ndiyo peke yake inayoweza kumwondoa.

Tukaenda polisi. Askari alitusikiliza vizuri, akasema hili ni jambo la madai, nendeni mahakamani. Tukaenda Baraza la Ardhi kuhusu shamba la Mkuranga, na huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wameshalipa ada: mrithi mmojammoja hana sifa ya kufungua kesi kudai mali ya marehemu. Mwenye sifa ni msimamizi. Sasa kama mla mali ndiye huyo msimamizi, utamshtaki kwa niaba ya nani? Jibu ni kwamba unarudi kwenye shauri la mirathi lenyewe, kwa namba ile ile, mahakama ile ile iliyomteua. Pale mrithi anasikilizwa kwa haki yake mwenyewe, na hata anayemdai marehemu anasikilizwa.

Jambo jingine lililotuchelewesha ni woga. Tuliamini kwamba msimamizi ni kama mrithi mkuu, kwamba akishapewa barua mali inakuwa yake mpaka atakapoamua kugawa. Si kweli. Msimamizi ni mtu aliyekabidhiwa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya kweli, kugawa kinachobaki kwa warithi, na kurudisha hesabu mahakamani. Kwetu sisi baba mdogo hakuwa hata mrithi. Baba alikuwa Mwislamu, ameacha mke, mtoto wa kiume na mabinti wawili. Mama ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki ni chetu watoto, kaka yangu akichukua mafungu mawili na sisi mabinti fungu moja kila mmoja. Mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu hana fungu.

Usiogope pia ukisikia jina lake limeingizwa kwenye hati ya nyumba. Ili afanye kazi yake, msimamizi huweza kuandikishwa ofisi ya ardhi kwa nafasi ya usimamizi, na hati itasema hivyo. Hilo peke yake si wizi. Shida inaanza pale maneno ya usimamizi yanapoondoka likabaki jina lake tupu, au pale anapojiuzia mwenyewe au kumuuzia mkewe.

Jalada

Nikiulizwa leo mtu aanzie wapi, ninasema masijala. Kabla ya barua, kabla ya wakili, kabla ya kumpigia simu yeyote kwa hasira. Nenda na kitambulisho chako, namba ya shauri la mirathi kama unayo, na nakala ya cheti cha kifo. Kama namba huna, taja jina la marehemu na mwaka. Andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi ukieleza kwamba wewe ni mrithi na unaomba kukagua jalada. Kuna ada ndogo ya kukagua na ada ya nakala, dai risiti. Mimi niliambiwa nirudi kesho mara mbili, nikarudi.

Ndani ya jalada la mahakama ya mwanzo utakuta fomu zenye namba, na ni vizuri uzijue kwa namba zake kwa sababu ndivyo makarani wanavyozitaja. Fomu namba 1 ni maombi ya usimamizi: hapo angalia warithi walioorodheshwa, kama kuna mtoto aliyerukwa au mke aliyefutwa. Fomu namba 4 ni barua ya uteuzi. Fomu namba 5 ni orodha ya mali na madeni ya marehemu. Fomu namba 6 ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichouzwa na kilichogawiwa. Utakuta pia mihtasari ya vikao na mwenendo wa shauri, yaani kila hakimu alichoandika kila tarehe.

Fomu namba 5 na namba 6 ndizo roho ya jambo lote. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 49 la mwaka 1971, zinasema kwenye kanuni ya 10 kwamba msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au ndani ya muda atakaoongezewa na mahakama. Baada ya hapo anatakiwa kutoa hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kama mirathi iko Mahakama Kuu au mahakama nyingine inayofuata Sheria ya Mirathi na Usimamizi, Sura ya 352, muda ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu.

Baba mdogo aliteuliwa Machi 2020, kwa hiyo Julai ilikuwa mwisho wake. Fomu namba 5 aliyowasilisha ilikuwa na muhuri wa Januari 2021, na sikuona popote kwamba aliomba kuongezewa muda. Nikaisoma taratibu. Nyumba ya Mbagala ilikuwepo, imeandikwa "chakavu". Kitanda kimoja, redio moja, baiskeli. Shamba la Mkuranga, ekari mbili za minazi na mikorosho ambako baba alikuwa akitupeleka kila likizo, halikuwemo. Akiba ya baba kwenye SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, haikuwemo. Kodi ya wapangaji sita haikuwemo hata kwa mstari mmoja. Upande wa madeni ndiyo ile 2,700,000 yake, na ile karatasi ya kikao yenye dole gumba.

Niliomba nakala ya kila ukurasa, zikathibitishwa kwa muhuri. Fanya hivyo siku hiyo hiyo kama unaweza, maana nakala yenye muhuri wa mahakama na tarehe haibadilishwi na mtu tena.

Ushahidi wa mali

Baada ya jalada, kazi ni kuonyesha kilichokosekana. Hapa hasira haisaidii, inasaidia karatasi. Sisi tulikuwa na bahati moja: mama alikuwa na daftari la kodi. Daftari la kawaida la mistari, kurasa 48, ambalo yeye na baba waliandika kila mpangaji, chumba gani, amelipa lini, mpaka mwezi baba alipofariki. Vyumba sita, kila kimoja shilingi 40,000. Tulikwenda kwa mpangaji mmoja mmoja, tukawaeleza bila kuwatisha, nao wakakubali kutuonyesha ujumbe wa simu wa malipo waliyokuwa wakimtumia baba mdogo. Wanne walikuwa nao wote. Wawili walilipa taslimu, wakaandika na kusaini.

Tukapiga hesabu kutoka Aprili 2020 mpaka Mei 2021, miezi 14: 3,360,000. Chumba kimoja kilikaa wazi miezi miwili, tukatoa 80,000. Baba mdogo alibadilisha bati za upande wa jikoni, na fundi alituonyesha kwamba alilipwa 310,000; tukaitoa hiyo pia, ingawa kaka yangu hakupenda. Ikabaki 2,970,000. Nilipokuja kuulizwa mahakamani mbona tumempunguzia mtu tunayemlalamikia, nilisema bati zile alizibadilisha kweli. Nina hakika jibu lile lilitusaidia kuliko maneno yetu mengine yote. Mlalamikaji anayekubali lililo kweli dhidi yake huaminiwa kwa yanayobaki.

Kwa shamba ambalo halijapimwa, ushahidi uko kijijini: barua ya mauziano ya zamani, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, majirani wa mipaka minne. Kwa kiwanja kilichopimwa, omba taarifa ya upekuzi ofisi ya ardhi. Itakuambia nani ameandikishwa na kama kuna rehani. SACCOS na benki hawatakupa taarifa wewe mrithi ukiomba mdomoni, lakini mahakama ikiwaandikia watajibu. Kwa hiyo wewe leta jina la taasisi na namba ya uanachama ukiwa nayo, hayo mengine iombe mahakama.

Kumtaka ajieleze

Kabla ya kuomba aondolewe, tulimwandikia baba mdogo barua. Ukurasa mmoja, bila tusi. Tulitaja namba ya shauri, tukaorodhesha mali tatu zilizokosekana, tukamwomba atupe hesabu ya kodi na nakala ya risiti ndani ya siku 14. Tulimpelekea tukiwa na mjumbe wa shina, akasaini kupokea kwenye nakala yetu. Hakujibu. Kutojibu kwake nako kukawa ushahidi.

Ndipo tukaiandikia mahakama barua ya malalamiko, tukiambatanisha ile ya kwanza, tukiomba msimamizi aitwe kueleza na kuwasilisha hesabu kwa Fomu namba 6. Watu wengi huruka hatua hii wakakimbilia kutengua. Mimi naona ni hatua ya busara, kwa sababu mahakama ina mamlaka ya kumwamuru msimamizi atoe hesabu, na kuna wasimamizi wasio wezi, wamelala tu au hawajui kujaza fomu. Wakiitwa mara moja wanaamka. Ukiona hesabu imeletwa na si ya kweli, unaipinga palepale, kipengele kwa kipengele, na hakimu anasikiliza pande zote kabla ya kuipokea.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba msimamizi aliyekwisha wasilisha orodha na hesabu amemaliza kazi, na usimamizi uliomalizika hauna cha kutenguliwa. Haina maana kwamba ameepuka. Bado anaweza kudaiwa hasara aliyosababisha. Lakini mlango mwepesi unakuwa umefungwa, na unabaki na kesi ndefu zaidi. Ukisikia msimamizi anatafuta saini zenu haraka haraka "ili tufunge faili", soma unachosaini. Ukiona kipengele hukubaliani nacho, usisaini, na nenda mahakamani tarehe hiyo hiyo ukaseme.

Kuzuia mali isihame

Wakati barua zinazunguka, jirani wa Mkuranga alinipigia simu. Kuna watu wanatembea shambani na kamba. Tulifika kesho yake, tukakuta mnunuzi ameshatoa malipo ya awali na barua ya mauziano iko nusu njia kwa mtendaji wa kijiji.

Hapa kuna imani moja niiondoe. Wengi tunasema msimamizi hawezi kuuza bila saini za warithi wote. Sheria haisemi hivyo. Msimamizi anayo mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, na mahakama zimekwisha kusema kwamba ridhaa ya kila mrithi si sharti. Kinachotakiwa ni kwamba auze kwa sababu ya mirathi, kwa mfano kulipa deni la kweli au kurahisisha mgawo, auze kwa bei ya haki, na fedha zote zionekane kwenye hesabu. Kwa hiyo ukienda mahakamani na hoja moja tu, "hakutuomba saini", unaweza kushindwa. Hoja zetu zilikuwa hizi: shamba analouza hakulitaja kwenye Fomu namba 5, deni analosema anataka kulilipa ni la kwake mwenyewe, na karatasi inayolithibitisha ina dole gumba la mtu anayejua kuandika.

Tulifanya mambo mawili kwa siku mbili. Tuliomba mahakama itoe zuio, mali isiuzwe wala kuhamishwa mpaka malalamiko yasikilizwe, na nakala ya amri tukaipeleka wenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Pia tulimwambia mnunuzi kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba mali ina mgogoro. Usimchukie mnunuzi, mara nyingi naye ametoa jasho lake. Lakini akishajua, hawezi tena kusema alinunua kwa nia njema bila kujua lolote, na mahakama huwalinda zaidi wanunuzi wa nia njema waliouziwa na msimamizi mwenye barua halali. Kwa kiwanja chenye hati, peleka ombi la zuio la hati (caveat) kwa Msajili wa Hati; Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mwenye maslahi kuweka zuio kwenye daftari, ili muamala usipite kimyakimya.

Wapangaji wetu tuliwaomba wasisimamishe kodi, ila waombe mahakama ielekeze ilipwe wapi. Mpangaji akiacha kulipa bila amri anajitafutia kufukuzwa.

Kuomba usimamizi utenguliwe

Kanuni ya 9 ya zile kanuni za 1971 inataja sababu zinazomruhusu mrithi au mdai kuomba uteuzi utenguliwe katika mahakama ya mwanzo: kama usimamizi ulipatikana kwa ulaghai, kama ulitolewa bila mahakama kujua mambo ambayo yangeufanya usiwe halali, kama utaratibu wa kuupata ulikuwa na kasoro kubwa iliyoathiri uamuzi, kama umekuwa hauna kazi tena, au kama msimamizi anakwenda kinyume na masharti ya uteuzi, au kwa makusudi au uzembe anatenda dhidi ya maslahi ya wadai na warithi. Kwa mirathi inayofuata Sura ya 352, kifungu cha 49 ndicho cha kusoma. Sababu zake zinafanana, na kinataja waziwazi msimamizi ambaye kwa makusudi hajawasilisha orodha au hesabu, au amewasilisha ya uongo.

Maombi yetu yalikuwa kurasa tatu. Tuliambatanisha kiapo cha mama, kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Aya zake zilikuwa fupi, kila moja na jambo lake na kielelezo chake. Moja ilisema: kwamba shamba la ekari mbili lililopo Mkuranga ni mali ya marehemu, kama inavyoonekana kwenye barua ya mauziano, kielelezo B, na kwamba shamba hilo halimo kwenye Fomu namba 5. Nyingine: kwamba mimi muapaji najua kusoma na kuandika, kwamba sikuhudhuria kikao kilichotajwa, na dole gumba lililopo si langu. Hatukuandika kwamba baba mdogo ni mtu mbaya. Hatukuandika habari za mke wake. Msaidizi wa kisheria alifuta kwa kalamu nyekundu kila sentensi niliyoiandika kwa uchungu, nami nilikasirika siku ile, lakini alikuwa sahihi.

Usiombe kutengua peke yake. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wengi wanaokuja kibandani kwangu kuniuliza. Wanashinda, msimamizi anavuliwa, halafu mali bado iko kwake na hakuna amri ya kumfanya airudishe. Katika maombi hayo hayo sisi tuliomba uteuzi utenguliwe. Arudishe barua ya usimamizi mahakamani. Akabidhi hati, mikataba na funguo. Atoe hesabu ya alichopokea. Alipe fedha za kodi. Na ateuliwe msimamizi mwingine, tukitaja jina. Jina muwe mmekubaliana ninyi warithi kabla. Mahakama ikiona mmegawanyika kwenye jina, shauri linarudi kwenye mabishano mapya.

Siku ya kusikilizwa hakimu alimpa mama kalamu na karatasi nyeupe, akamwambia aandike jina lake. Mama aliandika, akaweka na ule mkia wake. Hakimu akaiweka karatasi kando ya ile yenye dole gumba, akamwonyesha baba mdogo. Baba mdogo alisema karatasi ya kikao aliandikiwa na mtu mwingine. Wapangaji wawili walitoa ushahidi, mimi nikaeleza hesabu ya kodi. Baada ya kupangiwa tarehe nyingine tatu, uteuzi ulitenguliwa, kaka yangu na mimi tukateuliwa pamoja, na baba mdogo akaamriwa kurejesha 2,970,000. Shamba lilibaki, malipo ya awali ya mnunuzi alitakiwa kuyarudisha yeye aliyeyapokea.

Fedha na jinai

Msimamizi aliyetumia vibaya mali ya marehemu, au aliyeiachia ikapotea kwa uzembe, anawajibika kufidia kutoka mfukoni mwake. Si sharti awe amekula. Hata asipodai kodi mpaka ikapotea, anadaiwa. Kama mahakama ya mirathi haikumaliza suala la fedha, msimamizi mpya ndiye mwenye sifa ya kumfungulia kesi wa zamani. Na amri ya kulipa haijilipi yenyewe: asipolipa, unaomba kukaza hukumu, na mali zake zinaweza kukamatwa. Sisi tulikubali alipe 150,000 kwa mwezi, kwa maandishi mbele ya mahakama, na amekuwa akilipa, mara nyingine kwa kuchelewa.

Kughushi saini na kuapa uongo ni jinai, na mlango wa polisi uliofungwa mwanzo hufunguka ukiwa na nakala ya jalada yenye muhuri na uamuzi wa mahakama mkononi. Mama hakutaka. Alisema atasimama na mdogo wa mumewe mbele ya hakimu kwa ajili ya watoto, lakini hatampeleka gerezani. Ilikuwa haki yake kuamua hivyo. Mwingine akiamua kwenda, naye ana haki.

Kama mmegombana mpaka hakuna ndugu anayemwamini mwenzake, mahakama inaweza kumteua Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, asimamie mirathi. Ana gharama zake, lakini hana upande. Na kama marehemu aliacha wosia akamtaja msimamizi mwenyewe, wasii huyo naye hayuko juu ya hesabu: baada ya kuthibitishwa na mahakama anadaiwa orodha na hesabu kama mwingine yeyote, na anaondolewa kwa sababu zile zile.

Kwa wasio na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo kwenye wilaya. TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia bure wasio na uwezo. Dar es Salaam kuna kituo jumuishi cha mahakama Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa, ambako mahakama za ngazi mbalimbali ziko chini ya paa moja, na msaada wa kisheria unapatikana hapohapo. Mahakama ya mwanzo shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe kama tulivyofanya sisi.

Ukishindwa mahakama ya mwanzo, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kutoka hapo Mahakama Kuu ndani ya siku 30 nyingine. Siku hizo zinahesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa, si siku ulipoacha kulia. Omba nakala ya uamuzi na mwenendo wa shauri jioni ile ile, kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.